Upepo ulipotulia, mishipi ikanyamaza: kisa cha usiku mmoja Mto St. Clair

Kukisimulia kisa hiki ni kazi ndogo, ila kukielewa kulituchukua sehemu kubwa ya usiku. Boti moja ya bati, watu wawili, mishipi miwili ya mkono, mto wenye mkondo mkali, mwezi Juni. Tangu machweo hadi kama saa 4 na nusu usiku tulipata samaki kwa mishipi yote miwili. Kisha kukawa kimya. Chambo kilikuwa kilekile, chubwi (uzito wa kuzamisha mshipi) lilelile, na mkono wa mashine haukuwa umeguswa. Boti za jirani ziliendelea kupakua samaki kama kawaida. Nini kilibadilika?

Naandika kwa kirefu kwa sababu Waswahili wengi waliohamia Michigan na Ontario wameanza kununua vijiboti, na mambo yakiwa magumu usiku nasikia jibu moja tu: samaki wameacha kula. Jibu hilo linafunga mjadala kabla haujaanza. Mara nyingi samaki bado wanakula, ila chambo ndicho kilichohama walipo, na mvuvi hana habari.

Mto St. Clair unapokea maji ya Ziwa Huron na kuyashusha Ziwa St. Clair, kilomita 65 kuelekea kusini, Marekani ikiwa magharibi na Kanada mashariki. Katika urefu wote huo unashuka mita 1.5 tu, lakini maji ni mengi, yapata mita za ujazo 5,000 kwa sekunde, na njia ni nyembamba. Ndiyo maana yanakimbia. Chini ya daraja la Blue Water, kati ya Port Huron na Sarnia, kiboti chenye mashine dhaifu kinahangaika kupanda. Sisi tulikuwa chini zaidi, upande wa Michigan, karibu na mji unaoitwa St. Clair kama mto wenyewe. Hapo mkondo unakabilika: kilomita 4 hivi kwa saa.

Mto huu hauna maji kujaa na kupwa, lakini upepo unaubadilisha. Upepo wa kaskazini ukivuma kutwa juu ya Huron husukuma maji kwenye ncha ya kusini ya ziwa, yakarundikana mdomoni mwa mto, na mkondo ukazidi. Siku ile ulikuwa umevuma tangu asubuhi. Ulisukuma maji, na ulitusukuma sisi pia, maana tulikuwa tunapanda kaskazini na upepo unatupiga usoni. Naomba msomaji aliweke hilo kichwani.

Tuliyekuwa tukimtafuta ni wolai, Sander vitreus kwa jina la kitaalamu. Ni samaki wa maji baridi wa Amerika ya Kaskazini, mwili mrefu wa rangi ya dhahabu iliyoingia uzeituni, ncha nyeupe chini ya mkia, na meno yanayomfundisha adabu yeyote anayemshika mdomo bila kufikiri. Macho yake ndiyo siri yake. Nyuma ya jicho kuna tabaka linalorudisha mwanga, kwa hiyo mwanga mdogo unaoingia unamfaa mara mbili. Ukimmulika tochi, macho yanawaka meupe. Giza linapomchanganya kisamaki anayewindwa, wolai anaona vizuri tu.

Tena mto wenyewe umewasogeza usiku zaidi. Kome pundamilia, waliogunduliwa Ziwa St. Clair mwaka 1988 baada ya kuletwa na meli kutoka Ulaya, wamechuja maji ya eneo hili mpaka yakawa angavu. Mchana, maji angavu hayampi wolai raha. Miaka miwili baadaye, 1990, akaonekana katika mto huuhuu gobi, kisamaki mgeni kutoka upande wa Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, kwa mara ya kwanza katika Amerika ya Kaskazini. Gobi hana kibofu cha hewa. Haelei, anatambaa juu ya mawe na changarawe. Mlaji anayemfuata gobi anakula sakafuni, si katikati ya maji. Mambo hayo mawili, usiku na sakafu, ndiyo yaliyoamua zana tulizobeba.

Uvuvi wenyewe ni wa mshipi wa mkono, unaokokotwa na boti inayopanda mto taratibu. Kwenye mito ya St. Clair na Detroit ni utamaduni wa wazee, na mtu wa pwani yetu akiuona ataelewa nusu yake bila kufundishwa. Ubavuni mwa boti kuna rili yenye springi ndani, inayomeza waya yenyewe ukiulegeza, kama futi ya fundi seremala. Waya ni wa chuma uliovikwa plastiki. Mwisho wake kuna fimbo ya waya mgumu, urefu wa mita moja hivi, na chini ya fimbo linaning'inia chubwi la risasi. Letu lilikuwa la ratili moja na nusu, gramu 680. Kwenye fimbo zinatoka nyuzi mbili za nailoni, nitaziita matawi: tawi la chini fupi, tawi la juu refu zaidi, ili yasishikane. Mwisho wa kila tawi kuna chambo cha mti kinachoelea, chenye ulimi wa plastiki unaokifanya kitikisike kikivutwa. Vile vyetu ni Rapala, aina ambayo Mfini Lauri Rapala alianza kuichonga mwaka 1936.

Chambo kinaelea kwa makusudi. Chubwi linashuka mpaka chini, chambo kinafuata nyuma yake kikiwa juu kidogo ya mawe, na boti ikisita kinapanda badala ya kuzama na kukwama. Kwa hiyo chubwi ndilo linalopeleka chambo mahali pake. Mvuvi analiinua kwa mkono kiasi cha shubiri mbili, analiachia, anasikia tok. Anainua tena, anaachia, tok. Risasi ikigonga changarawe mkono unajua. Ikigonga udongo wa mfinyanzi unajua pia, maana sauti inakuwa nzito na waya unavutwa kidogo kabla ya kuachia. Kazi yote ya usiku iko kwenye tok hiyo.

Mwenye boti ni mzee wa Kigoma aliyekulia kwenye dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika. Yeye alikaa tezi, yaani nyuma ya boti, mkono wa kushoto kwenye mashine, wa kulia kwenye waya wa upande wa kulia. Mimi nilikaa katikati na waya wa kushoto. Jua la Juni huku linazama baada ya saa 3 usiku, jambo ambalo mpaka leo Mzee hajalizoea. Tulianza likiwa bado linaonekana, kwenye kina cha mita 9, pale ambapo ukingo wa Michigan unateremka kuelekea njia ya meli.

Mzee alipanga mwendo vizuri sana. Alitazama kioo cha GPS, akatafuta kilomita 1.2 kwa saa juu ya ardhi, akaufunga mkono wa mashine hapo. Waya zote mbili zililala nyuma kwa pembe ya digrii 45 hivi, ndivyo wenyeji wanavyofundisha. Chubwi liligonga kila nilipoliachia. Kwenye machweo alikuja wa kwanza upande wake, wa pili upande wangu, kisha wengine wawili karibu pamoja. Giza lilipoingia Mzee akafunika kioo kwa koti, maana mwanga wa kioo unaua macho ya usiku, na kwenye mto wenye meli macho ya usiku ni uhai. Sioni kosa hapo. Mimi ningefanya hivyohivyo.

Mbele kidogo kuna mambo mawili yaliyotokea pamoja bila sisi kuyaunganisha. Upepo ulianza kulegea, kama upepo mwingi wa mchana unavyofanya usiku, na kufikia saa 4 na nusu maji yalikuwa yametulia kabisa juu. Na samaki wakakoma.

"Wamelala, mwanangu," Mzee akasema baada ya muda.

"Mzee, hawajalala. Tazama wale wenzetu."

Mvuvi wa mshipi wa mkono hafanyi kazi na taa. Anawasha tochi ya kichwani pale tu samaki anapofika ubavuni na wavu unatakiwa. Kwa hiyo gizani unaweza kumhesabia jirani samaki wake kwa tochi. Boti mbili zilizokuwa karibu nasi ziliendelea kuwasha na kuzima, kuwasha na kuzima.

Hapo Mzee akaleta wazo la nyumbani. "Tuwashe taa kubwa. Tuwaite."

Kwa aliyekulia Kigoma hilo si wazo dogo. Kule uvuvi wa dagaa unategemea taa: zamani karabai, leo taa za umeme wa jua. Mwanga unakusanya dagaa, dagaa wanamleta mgebuka, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanapumzika kwa sababu mwanga wa mbinguni umezidi wa kwao. Ni elimu ya kweli, imelisha familia nyingi, ikiwemo yake. Lakini wolai jicho lake limeumbwa kukimbia mwanga mkali, na kina cha mita 9 kwenye maji yanayokimbia hakitoi nafasi ya kukusanya chochote: kisamaki kikifika kwenye mwanga kimeshapitishwa. Zaidi ya hapo, jirani walikuwa wanapata gizani. Kama tatizo lingekuwa giza, lingewapata na wao. Mzee alilikubali hilo mara moja, maana anajua kusikiliza hoja.

Mshukiwa wa pili alikuwa chambo. Labda rangi iliyofaa machweo haikufaa usiku. Tukabadilisha upande wangu: nikaweka cheusi, ambacho watu wengi wanakiamini kwa usiku kwa sababu kivuli chake kinasimama wazi dhidi ya mwanga hafifu wa juu. Upande wa Mzee tukauacha. Kimya pande zote mbili. Nilifurahi kwamba tulibadilisha upande mmoja tu, maana kama tungebadilisha zote tusingejua lolote zaidi ya kwamba bado hatupati.

Kisha akaja samaki mmoja, na huyo ndiye aliyefungua kisa.

Boti haipandi mto kwa mstari ulionyooka. Unaipeleka ukingoni kidogo, unairudisha kwenye kina kidogo, ili chubwi lipite mteremko mzima. Tulikuwa tunapinda kushoto, kuelekea Michigan, nikasikia uzito kwenye waya. Si mshtuko, wolai usiku mara nyingi ni uzito tu, kisha kichwa kinachotikisika. Nikavuta waya kwa mikono miwili, rili ikaumeza nyuma yangu kwa mlio wake wa kukwaruza, fimbo ikafika, nikaitundika kwenye ndoano ya ubavuni, nikashika tawi la juu. Nailoni inavutwa kwa vidole, mkono baada ya mkono, na inaachwa ianguke chini ya boti. Haizungushwi kiganjani hata mara moja. Samaki wa kilo tatu kwenye mkondo huu akigeuka, nailoni iliyozungushwa inakata nyama. Mzee akaja na wavu, kutoka nyuma ya samaki hapana, kutoka mbele ya kichwa ndiyo.

Muda si mrefu Mzee naye akapata mmoja, upande wake wa kulia. Tulikuwa tunapinda kulia.

Hao wawili hawakuwa bahati. Boti inapopinda, waya wa upande wa ndani unapunguza mwendo, na wa nje unaongeza. Wa ndani chubwi lake linashuka. Wa nje linapanda. Samaki wa kushoto alikuja tulipopinda kushoto, wa kulia tulipopinda kulia. Zana za Mzee na zangu zilikuwa tofauti wakati huo, chambo tofauti, rangi tofauti. Kilichofanana ni kwamba wote wawili walinasa kwenye waya uliokuwa umepoza mwendo na kushuka. Samaki walikuwa wanatuambia wazi: chini zaidi, polepole zaidi.

Nilianza kukumbuka mkono wangu ulichokuwa unafanya. Tangu upepo ulipolala nilikuwa natoa waya kidogo kidogo ili nipate tok. Mita moja, tena mita moja. Kila nikitoa, chubwi linagonga mara mbili tatu, kisha linapotea. Mkono ulikuwa umeona mabadiliko mapema kuliko kichwa. Mvuvi anayelazimika kuendelea kutoa waya kwenye kina kilekile anaambiwa jambo, na jambo hilo halihusu kina.

Ushahidi wa mwisho ulikuwa nyuma yetu. Boti moja ya jirani ilikuwa ubavuni kwetu machweo, upande wa nje, taa yake nyeupe ya nyuma ikilingana na bega langu. Tulipanda pamoja kwa muda mrefu. Nilipogeuka kuitafuta, ilikuwa imebaki mbali nyuma, ndogo, na ilikuwa inawasha tochi.

"Mzee, ondoa koti kidogo tuone mwendo."

Kioo kilisoma kilomita 2.6 kwa saa. Mkono wa mashine ulikuwa palepale alipoufunga.

Hakuna aliyeongeza moto. Jioni mashine ilikuwa inapigana na vitu viwili, mkondo na upepo. Upepo ulipoondoka, nguvu iliyokuwa inautosha ikabaki kwenye maji, na boti ikapata mwendo wa bure. Jirani walipunguza moto upepo ulipolegea, labda bila hata kufikiri, kwa mazoea ya miaka. Sisi giza lilitunyima kipimo. Mchana ungeona mti wa ukingoni unapita haraka. Usiku taa za mbali hazitembei. Upande wa kaskazini kuna mwanga wa viwanda vya mafuta vya Sarnia, mkubwa na umesimama, na ukiutazama kwa muda unaamini na wewe umesimama. Kilomita 1.2 na 2.6 kwa saa zinahisiwa sawa kabisa na mtu aliyekaa gizani kwenye boti.

Lakini je, kilomita 1.4 za ziada zinaweza kweli kunyamazisha mishipi? Hapa watu wengi wanakosea kwa sababu wanapima mwendo wa boti juu ya ardhi. Chubwi na waya havijui ardhi, vinajua maji. Mto ulikuwa unakimbia kilomita 4 kuelekea kwetu. Jioni waya ulikuwa unakata maji kwa kilomita 5.2 kwa saa, usiku 6.6. Na nguvu ya maji inayosukuma waya nyuma haikui sambamba na mwendo, inakua kwa mraba wake. Ukizidisha mwendo kwa robo, msukumo unazidi kwa zaidi ya nusu. Gramu 680 za risasi ni zilezile, lakini kinacholivuta chubwi nyuma kimekuwa mara 1.6.

Kwa hesabu ya penseli, tukichukulia waya umenyooka: kwenye kina cha mita 9 na pembe ya digrii 45, waya uliotoka ni karibu mita 12.7. Msukumo ukipanda mara 1.6, pembe inalala mpaka kama digrii 58, na chubwi linaning'inia kwenye kina cha mita 6.7. Zaidi ya mita mbili juu ya mawe. Ukitaka kulirudisha chini kwa kutoa waya unahitaji mita 17, na waya huo wa ziada nao unasukumwa na maji, kwa hiyo unahitaji zaidi ya hapo. Hiyo ndiyo mbio niliyokuwa nakimbia na mkono wangu. Wolai anayesubiri gobi nyuma ya jiwe hapandi mita mbili kwenye mkondo kufuata kitu kinachopita mbio juu ya kichwa chake. Karibu na sakafu maji yanaenda polepole kwa sababu mawe yanayazuia, na samaki anaishi kwenye tabaka hilo jembamba la utulivu. Kutoka humo ni gharama, na halipi gharama hiyo ovyo.

Mzee akapunguza moto mpaka kioo kikasoma 1.2, kisha akashuka zaidi, kama kilomita moja. Nikarudisha waya ndani. Tok ikarudi, kila mara, bila kuitafuta. Samaki wakaanza tena.

Mzee hakuridhika, na nampenda kwa hilo. Alisema huenda ni saa yao ya kula imefika, na sisi tunajisifu. Ni hoja halali. Usiku samaki wanakula kwa mawimbi, na mtu anayebadilisha kitu wimbi linapoanza ataamini yeye ndiye aliyelileta. Tukachagua taa mbili za ukingoni, gati moja na nyumba moja juu yake, tukapita kati yake kwa kasi ileile ya kilomita 2.6, kwenye kina kilekile. Hakuna kitu. Tukashuka na mkondo, tukapita tena polepole. Mishipi yote miwili ilijibu. Tukarudia kwa kasi, kimya. Kwa pole, samaki. Jirani tuliyekuwa tumemwacha alitupita ubavuni, tochi yake ikiwaka. Baada ya hapo hoja ya wimbi la kula haikuwa na pa kusimama.

Katikati ya majaribio hayo ilipita meli, na ni lazima niiseme, maana mwendo mdogo una hatari yake. Hapa zinapita meli za shehena zenye urefu wa mita 300, zinazobeba madini ya chuma na mawe ya chokaa. Boti yetu haina haki yoyote mbele yake kwenye njia nyembamba. Inayoteremka na mkondo haiwezi kusimama, na sheria za maji ya huku zinaipa kipaumbele hata dhidi ya meli nyenzake inayopanda. Dalili ya kwanza usiku si sauti. Ni taa za ng'ambo kuzimika moja baada ya nyingine. Tulikunja waya zote mbili kwanza, kisha ndipo tukasogea ukingoni. Mpangilio huo haugeuzwi. Chubwi likikwama wakati boti inakata mkondo kwa ubavu, waya haukatiki, na kitakachoshuka ni ubavu wa boti. Ukikwama, legeza, acha mkondo uirudishe boti nyuma mpaka ilipite chubwi, halafu livute kutoka upande wa pili. Linatoka lenyewe. Meli ilipokaribia, maji ya ukingoni yalivutwa kuelekea kwake, mawe yakaonekana, kisha yakarudi kwa nguvu. Tukasubiri yatulie.

Tulibakiza samaki wa kutosha mlo, wote juu ya sentimita 33 ambazo sheria ya Michigan inazitaka kwenye mto huu. Jike mmoja mkubwa Mzee alimrudisha bila mjadala. Mkubwa ana mayai, na ana zebaki zaidi. Uvuvi wa Ziwa St. Clair uliwahi kufungwa mwaka 1970 kwa sababu ya zebaki iliyotoka viwandani, na hata sasa ushauri wa afya ni kupendelea samaki wa wastani, hasa kwa watoto na wajawazito. Familia zetu zinakula samaki mara nyingi kuliko Wamarekani wengi, kwa hiyo ushauri huo unatuhusu zaidi.

Tulipokuwa tunarudi bandarini Mzee aliuliza swali ambalo naona ndilo zuri kuliko yote ya usiku ule. Kwa nini tusiweke chubwi zito? Kuna ya ratili mbili, gramu 900. Lingebaki chini hata kwa kilomita 2.6, na tusingehitaji kuchungulia kioo.

Lingebaki karibu na chini, nakubali. Lakini chambo kingekuwa bado kinakimbia. Tuseme maji ya karibu na sakafu yanaenda nusu ya kasi ya juu, kilomita 2 kwa saa. Boti ikipanda kwa 1.2, chambo kinapita mbele ya samaki aliyetulia kikikata maji kwa kilomita 3.2. Ikipanda kwa 2.6, kinakata kwa 4.6, na samaki ana nafasi chini ya nusu ya kukiona na kuamua, kwa sababu muda wa kitu kupita mbele yake unategemea mwendo wa boti juu ya ardhi. Kule kwenye maji ya wazi ya ziwa wolai wa kiangazi anafukuza vitu vya kasi kuliko hivyo bila shida. Mtoni, akiwa ameegemea jiwe, mimi naamini anataka kitu kinachopita taratibu, na samaki wetu wa kwenye kona walionyesha hivyo: waya wao haukushuka tu, ulipoza mwendo pia. Kisa hiki hakitenganishi kabisa kina na mwendo, maana kwetu viliharibika pamoja na vikatengenezwa pamoja. Wa kuvitenganisha ni chubwi la gramu 900 lenyewe, likikokotwa kwa kasi kwenye mteremko uleule, kati ya gati ile na nyumba ile. Mzee ameshayeyusha risasi.